Mpaka na Jicho la Mwenyeji

Anayeingia Kaya Kinondo, kwenye pwani ya Kwale karibu na Diani, hufungwa kwanza kaniki kiunoni. Huambiwa asitoke na kitu: si jani, si kokoto, si kijiti kilichoanguka chenyewe. Msitu wenyewe si mkubwa, ni hekta zipatazo 30, na umesimama hadi leo kwa nguvu ya sheria ambayo hakuna bunge lililoiandika. Wazee wa Kidigo walijua pa kuzikia, pa kuombea na pasipoguswa na shoka. Mwaka 2008 msitu huo, pamoja na mingine ya Wamijikenda iliyotawanyika kwenye ukanda wa kilomita 200 hivi, uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo mahali pale pamekuwa na sheria mbili: ya wazee, na ya mkataba uliopitishwa Paris mwaka 1972.

Swali langu linaanzia hapo. Mkataba wa mataifa unapotua nchini, huifanya nini mipango ya ardhi? Jibu ni tofauti kulingana na mkataba, na zaidi kulingana na nchi inayoupokea. Nitaiweka pwani yetu kando ya Italia, Catalonia, Ujerumani na Oman, nikiamini kwamba kila moja ina jambo la kuwafunza wenzake na jambo la kujifunza kwao.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwanza. Mandhari tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye shina la kutazama, nalo ni ndugu wa nadhari. Kwa Kiswahili, basi, mandhari huanza na jicho. Neno la Kijerumani Landschaft lilianzia kwingine: zamani lilimaanisha eneo pamoja na watu wake, desturi zao na mabaraza yao. Wachoraji wa Uholanzi wakaliweka neno lao la ukoo huo, landschap, kwenye turubai, na Waingereza wakalipokea likiwa na maana ya picha ya nchi. Waitaliano husema paesaggio, kutokana na paese, ambalo ni nchi na pia ni kijiji. Kuna lugha, kwa hiyo, zilizoikuta mandhari kwa kutazama, na kuna zilizoikuta kwa kuishi pamoja. Sisi tunalo neno la upande wa pili pia. Kaya kwa Mmijikenda ni mji wa wahenga uliozungukwa na msitu. Kwa karani wa sensa wa Tanzania, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Msitu mtakatifu na watu wa chungu kimoja wanaitwa kwa jina moja.

Mikataba nayo imegawanyika hivyohivyo. Ule wa Paris unatafuta kilicho adimu: mahali penye thamani ya pekee kwa ulimwengu mzima. Serikali hupeleka ramani yenye mstari, ikionyesha eneo la ndani, ukanda wa kinga unaolizunguka na chombo kitakachosimamia. Kamati ya nchi 21 huamua. Kwa miaka 20 mkataba huo uliweka majengo upande mmoja na maumbile upande mwingine, hadi mwaka 1992 kamati ilipokubali kundi jipya, mandhari za kiutamaduni. Wa kwanza kupita mlango huo, mwaka 1993, ulikuwa Tongariro wa New Zealand. Volkano zake zilikuwa tayari kwenye orodha kwa maumbile yao. Sasa zilitambuliwa kuwa ni milima mitakatifu ya Wamaori. Milima haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa wakiiheshimu tangu zamani walihesabiwa kuwa sehemu ya thamani yake.

Mkataba wa Mandhari wa Ulaya, uliofunguliwa kwa saini Florence tarehe 20 Oktoba 2000 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2004, hautafuti kilicho adimu. Unaichukulia mandhari kuwa ni eneo kama watu wanavyoliona, ambalo sura yake imetokana na maumbile, na kazi za binadamu, au na vyote viwili vikiathiriana. Unahusu nchi yote: shamba, mji, viunga vya mji, mahali pa fahari, mahali pa kawaida na mahali palipoharibika. Nchi iliyouridhia inadaiwa kuitaja mandhari katika sheria zake, kuwashirikisha wananchi, na kuiingiza katika mipango miji, kilimo, utamaduni na uchumi. Hauna orodha ya heshima, na kwa sababu hiyo hauna jina la kufuta. Mkataba wa Paris unaweza kuiaibisha serikali mbele ya dunia. Wa Florence hauwezi. Lakini wa Paris hauna la kusema juu ya kijiji kisicho na sifa, ilhali wa Florence umeandikwa kwa ajili yake.

Kati ya hiyo miwili upo wa tatu, na ni mkongwe kuliko yote miwili: ule wa ardhioevu, uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Kifungu chake cha 3 kinataja mipango waziwazi. Nchi mwanachama inatakiwa kupanga mambo yake kwa namna itakayohifadhi ardhioevu zilizoorodheshwa, na kadiri iwezekanavyo kutumia kwa busara ardhioevu zote zilizomo nchini mwake. Hapo pana orodha kama ya Paris, na pana nchi nzima kama ya Florence. Tanzania iliingia mwaka 2000 kwa bonde la Malagarasi-Muyovozi, na mwaka 2004 ikaongeza eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, penye mikoko ambayo maisha ya wavuvi, wakata miti ya kujengea na wakulima wa mpunga yamefungamana nayo.

Karatasi moja husomwa kwa lafudhi nyingi. Italia ilikuwa na sauti yake kabla ya Florence. Sheria ya mwaka 1939 ililinda mionekano mizuri, kama mtu anavyotunza mchoro. Katiba ya mwaka 1948, katika kifungu cha 9, ikaifanya mandhari kuwa amana ya taifa. Sheria ya Galasso ya mwaka 1985 ikaacha kuulizia uzuri na kupima kwa futi kamba: mita 300 kutoka ufukwe wa bahari, mita 150 kutoka kingo za mto. Hatimaye kanuni kuu ya mwaka 2004 ikataka kila mkoa uwe na mpango wa mandhari unaogusa eneo lake lote. Italia iliuridhia mkataba miaka miwili baadaye, mwaka 2006. Ni sawa na kusema roho ya mkataba iliingia katika sheria kabla ya mkataba wenyewe kuridhiwa. Puglia, mkoa wa mizeituni na kuta za mawe, ulipitisha mpango wake mwaka 2015, zaidi ya miaka kumi tangu kanuni ile itungwe. Kupanga nchi nzima ni kazi ya kizazi.

Catalonia ilienda mbio zaidi. Bunge lake liliunga mkono Mkataba wa Florence mwaka uleule wa 2000, na mwaka 2005 likatunga sheria yake ya mandhari. Hispania yenyewe iliridhia mwaka 2007. Mkoa ukawa umemtangulia mwenye mamlaka ya kutia saini. Chombo kilichoundwa huko, chenye makao katika mji wa Olot, hakina amri ya kuvunja wala kujenga. Kazi yake ni kuandaa katalogi za mandhari, kila moja ikieleza sehemu za nchi, thamani zake, na wakazi wanavyoziona, ili wapangaji wa miji wasiseme hawakujua.

Ujerumani ni kinyume chake. Mkataba wa Florence haijatia hata saini. Hata hivyo sheria yake ya shirikisho ya uhifadhi, ya mwaka 1976, ilishaweka mpango wa mandhari kuwa chombo cha kawaida cha serikali, na wataalamu wake wamefunza wengi. Tukihesabu saini, Ujerumani imebaki nyuma. Tukihesabu mipango iliyoandikwa na kufanyiwa kazi, ni miongoni mwa walio mbele. Mkataba ni njia mojawapo ya kufikia sera njema, na si njia ya pekee.

Mpaka uliopitishwa na kamati nao unapogongana na haja za nyumbani, nchi hutofautiana zaidi. Dresden, mji wa Ujerumani kwenye mto Elbe, uliingizwa kwenye orodha mwaka 2004 pamoja na bonde lake. Mwaka uliofuata wananchi walipiga kura na wengi wakataka daraja jipya katikati ya bonde hilo. Kamati ilionya, mahakama za Ujerumani zikaona kura ya wananchi ina uzito wake, na mwaka 2009 jina likafutwa. Daraja lilifunguliwa mwaka 2013. Oman ilikuwa imetangulia kufutwa, ya kwanza duniani, mwaka 2007. Hifadhi ya choroa wa Arabuni, iliyoorodheshwa mwaka 1994, ilikuwa imepoteza wanyama wake kwa ujangili, kutoka 450 mwaka 1996 hadi 65, na serikali ikalipunguza eneo lake kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta. Kwenye Elbe uamuzi ulitoka kwenye sanduku la kura. Jangwani ulitoka kwenye dola. Matokeo yakafanana.

Tanzania ilipita njia ya tatu. Mwaka 2012 iliiomba kamati irekebishe mpaka wa Pori la Akiba la Selous, lililokuwa kwenye orodha tangu mwaka 1982, ili sehemu ya kusini yenye urani itolewe, ikakubaliwa. Baadaye ikajenga kwenye mto Rufiji bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115. Mwaka 2021 wataalamu walipendekeza Selous ifutwe. Kamati ilikataa, ingawa katika kikao hichohicho iliifuta Liverpool ya Uingereza. Anayeona hapo ni ukaidi tu hajawahi kumwona mama wa kijijini akifanya kazi kwa mwanga wa kibatari. Na anayeona ni maendeleo tu hajauliza mikoko ya delta itapata wapi tope lililokuwa likiletwa na mafuriko. Pande zote mbili zina hoja ya haki, na mkataba unaojua kusema ndani au nje ya mstari peke yake hauwezi kuzipatanisha.

Mashaka ya Mwafrika Mashariki juu ya mstari huo yana historia. Mkataba wa Paris haukuwa wa kwanza kuichora nchi yetu. Mwaka 1933 dola zenye makoloni zilikutana London na kukubaliana juu ya kulinda wanyama na mimea ya Afrika. Wafugaji na wawindaji wa huku hawakuwa na kiti. Humo ndimo yalimofafanuliwa maneno kama hifadhi ya taifa, yenye mpaka usiobadilishwa ovyo na makazi yanayodhibitiwa na mwenye mamlaka. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai walitolewa humo, na Ngorongoro ikatengwa kando yake iwe mahali ambapo mifugo, wanyamapori na watu wangeishi pamoja.

Mpango huo wa Ngorongoro ulikuwa na wazo ambalo mataifa yalikuja kulipa jina miaka mingi baadaye. Lakini orodha ililitazama vingine. Mwaka 1979 Ngorongoro iliingia kwa maumbile yake. Mwaka 2010 iliongezewa thamani ya kiutamaduni, nayo ilisimama juu ya mabaki ya binadamu wa kale: Olduvai, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Nyayo za mfugaji anayepita leo na ng'ombe wake hazikuwa msingi wa thamani hiyo. Nikilinganisha na Tongariro, moyo wangu unauma. Kule mkataba ulirudi nyuma na kumwona mwenyeji. Hapa ulirudi nyuma zaidi, ukampita. Mabishano ya leo juu ya idadi ya watu na mifugo Ngorongoro, na juu ya wakazi wake kuhamia kijiji cha Msomera, ni mazito, na wanaoyabeba wana sababu zao. Hata hivyo yangekuwa na sura nyingine kama ufugaji wenyewe ungekuwa umeandikwa kama sehemu ya kinacholindwa.

Tofauti nyingine iko mlangoni, mahali mkataba unapoingilia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na kwa kawaida inahitajika sheria ya nchi ndipo mwananchi aweze kuushika mkononi. Mlango wa Kenya ni mpana, na mahakama zake zimeutumia. Wakazi wa Lamu, ambao Mji Mkongwe wao uliorodheshwa mwaka 2001, walikwenda mahakamani juu ya ujenzi wa bandari mpya. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliona kwamba haki zao za mazingira na utamaduni zimekiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Jahazi, wavu na mlango wa bahari vilihesabiwa kuwa urithi pamoja na nyumba za mawe. Mlango wa Tanzania ni mwembamba zaidi, lakini kilichopita kinakuwa kimevaa nguo za nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari, na leo mkulima wa bonde na mjenzi wa ufukweni wanazitaja mita hizo kwa vidole. Ziweke kando ya mita 300 na 150 za Italia. Kipimo ni tofauti, hekima ni moja, na udhaifu pia ni mmoja: kamba hupima umbali, haijui mahali pale pana maana gani kwa mtu anayekaa hapo.

Maana hiyo ndiyo jamii nyingi zilikuwa zikiitunza kabla ya mikataba. Oman, mwaka mmoja kabla ya kufutiwa hifadhi ya choroa, iliorodheshewa aflaji zake, mifereji ya kale inayochota maji chini ya ardhi na kuyashusha mitendeni. Mwaka 2006 mifumo mitano iliingizwa kwenye orodha, ikiwakilisha takriban 3,000 ambayo bado inatumika. Maji yake hugawanywa kwa zamu, na zamu zilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Nani anywe kwanza, nani aoshee chini ya nani, bustani ya nani inyweshwe saa ngapi: huo ulikuwa mpango wa mandhari uliokamilika. Jangwa la choroa lilikuwa na mstari, na mstari ulipunguzwa kwa kalamu. Falaji ina watu wanaoamka usiku kufuata zamu zao, na watu hawafutiki kwa urahisi huo. Oman moja, mkataba mmoja, na matokeo mawili.

Naamini siri ya Kinondo ni hiyohiyo. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, wakati viwanja vya ufukweni vilipokuwa vikizilia kingo. Tangazo hilo lilihitajika, kwa sababu mzee hana polisi wa kumzuia mwenye hati ya ardhi. Orodha ya mwaka 2008 nayo iliongeza heshima na macho ya dunia. Mwaka 2009 mataifa yakaongeza jambo la tatu lenye busara: mila za kaya ziliingizwa kwenye orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Yalikuwa yametambua kwamba miti bila tambiko itakuwa bustani tu, na bustani hukatwa siku bajeti ikibadilika.

Nikiyaweka yote pamoja, naona mkataba wa mataifa una uwezo wa mambo mawili. Unaweza kumpa mwenyeji ngao mbele ya mwenye nguvu, kama ilivyokuwa Lamu. Unaweza pia kumpa mwenye nguvu sababu ya kumwondoa mwenyeji, kama ilivyotokea baada ya London. Kinachoamua ni kama mpango wa nchi umeanza na mstari au umeanza na jicho la anayeishi hapo.

Tangu tarehe 1 Julai 2021 Mkataba wa Florence uko wazi hata kwa nchi zisizo za Ulaya. Wapo watakaotuhimiza tuuingie. Sipingi, lakini mfano wa Ujerumani unanionyesha kwamba saini inaweza kusubiri ilhali kazi ikifanyika, na chombo cha kazi tunacho. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kenya ina serikali za kaunti zinazopaswa kupanga maeneo yao, kama Catalonia ilivyopanga lake. Katika kijiji kinachoandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi, ramani hutandazwa mbele ya mkutano na kupakwa rangi: makazi, kilimo, malisho, msitu, vyanzo vya maji. Rangi hizo ni za matumizi. Nakosa rangi moja, ya kile ambacho watu wanakiona: mbuyu unaoelekeza mashua, kilima cha kuombea mvua, njia ya ng'ombe ambayo babu aliipita, ufukwe wanakosubiriwa wavuvi jioni.

Afisa mipango akiwauliza wanakijiji hivyo, pengine atakayejibu kwanza ni bibi aliyekaa nyuma, na atakachokisema hakimo kwenye ufunguo wa ramani. Kiandikwe. Paris watakipa jina lao, Florence lao, na Ramsar lao. Kinondo hapakuwa na jina lolote kati ya hayo wakati sheria ya kutochukua jani ilipoanza kushikwa, na mgeni hadi leo hufungwa kaniki kabla ya kuingia.